Casandra Amkanda Dubu

Casandra Bejan alipanga chumba changu cha mbele mwezi wa Septemba. Alitundika cheti chake kwenye msumari uliokuwa na picha ya harusi yangu, na kuanzia siku hiyo nyumba yangu ikawa inanukia mafuta ya mkaratusi kuanzia sebuleni hadi bandani kwa kuku.

Mimi naitwa Saveta, mjane wa Neculai Leuștean, umri miaka sabini na minne, mwenye nyumba. Nasimulia habari za Casandra kwa sababu niliziona kwa macho yangu, na kwa sababu wenzangu hapa kijijini Lunca wanazisimulia ovyo. Wako wanaosema kwamba alivaa ngozi ya dubu ili apate wateja. Huo ni uongo. Hakuvaa ngozi yoyote. Alimkanda dubu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Casandra ni binti wa yule mlinzi wa kiwanda cha mbao, Mungu amrehemu. Ana miaka thelathini na mitatu, mikono mikubwa na sauti ndogo. Alisomea masaji miaka miwili kule mjini Iași, akafanya kazi kwenye hoteli moja ya milimani mpaka ilipofungwa, ndipo akarudi kwetu na meza yake ya kukunja. Dada yake, Lenuța, yuko Bologna, Italia, anamwogesha bibi kizee mmoja na kumlisha supu. Nusu ya wanawake wa Lunca wako huko wakiwaogesha wazee wa watu, na huku sisi wazee wao tunajiogesha wenyewe. Lenuța alikwisha kumtafutia Casandra kizee wake, na nafasi kwenye basi linalopita hapa tarehe mbili Januari.

"Ukiona wateja hawaji, panda," alimwambia kwenye simu. Simu zote hupigiwa jikoni kwangu, hivyo nilisikia.

Casandra hakutaka kupanda. Alitaka kukaa kwao na kufanya kazi aliyoisomea, basi. Hakuomba makubwa.

Tatizo lilianza na masharti. Aliyaandika kwa kalamu nyekundu akayabandika mlangoni: uje umeoga; usije umetoka kula sasa hivi; utavua nguo zile tu unazoridhia kuvua, na shuka litakufunika; ukiumia, sema; usingizi ukikupitia, lala.

Nilipoyasoma nikamwambia, "Mwanangu, umetukana kijiji kizima kwa mistari mitano."

Akacheka. Hakujua kwamba sikuwa natania.

Varvara wa posta alikuja akiwa amekasirika kwa ajili ya ule mstari wa kuoga, na akaja na mumewe na mama mkwe wake, kila mtu na kiti chake, ili washuhudie. Alivaa sketi nne na hakuridhia kuvua hata moja, kwa hiyo Casandra akaukanda ule mgongo juu ya sufu, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya godoro. Mama mkwe akawa anaelekeza. "Chini kidogo. Hapo hapana, hapo ni figo. Kwa nini hapigi? Mbona hampigi?" Kisha akaja Mircea wa mbao, aliyekula mafuta ya nguruwe na vitunguu kabla ya kuja kwa kuwa matibabu ya tumbo tupu yanaua. Alilala dakika ya tatu, akakoroma hadi ya hamsini, akaamka mwepesi, akakataa kulipa. "Kulala nalala kwangu bure," alisema.

Isitoshe, kulikuwa na dirisha. Watu wetu wanaogopa vitu vitatu: dubu wa msituni, mkaguzi wa kodi, na upepo unaopita kati ya dirisha lililo wazi na mlango ulio wazi. Dubu na mkaguzi unaweza kuzungumza nao. Casandra alifundishwa huko Iași kwamba kila mteja akitoka, chumba kibadilishwe hewa. Basi alipofungua tu dirisha, waliokuwa wanasubiri kwenye ukumbi walishika masikio wakatimua mbio hadi barabarani, na wengine hawakurudi tena.

Lakini zaidi ya yote, walitaka kuumia. Ukimuuliza mtu aliyetoka kukandwa anajisikiaje, anakujibu kwa masikitiko, "Sina hata alama." Kwetu mgongo haukandwi. Mgongo unakanyagwa. Zamani walipita watembeza dubu, na mwenye maumivu alilala kifudifudi kwenye theluji uani kwake, dubu mzima mwenye pumzi akapita juu yake. Baba mkwe wangu alikanyagwa hivyo mara mbili, na aliishi miaka tisini akisimulia. Watembeza dubu walipoacha kuja, tukabaki na dubu wetu wa tarehe thelathini Desemba, wanaume waliovaa ngozi halisi, zenye kichwa na kucha, wanaocheza ngoma lango hadi lango kuufukuza mwaka mkongwe. Dubu mashuhuri kuliko wote ni wa ukoo wa Leuștean, Mzee Martin, na anayemvaa ni Costache, mtoto wa shemeji yangu. Amemvaa miaka arobaini. Mwenye mgongo hulala uani, naye Costache humpandia. Anakanyaga sawasawa, nakiri. Akishuka, mtu anamshukuru Mungu kwamba ameshuka, na shukrani hiyo ndiyo watu huiita nafuu.

Hapa sina budi kueleza habari ya pasi.

Miaka arobaini na moja iliyopita, wakati wa baridi, niliazima pasi ya mkaa kwa Aglaia, mamake Costache, mke wa shemeji yangu Toader. Pasi nzito, yenye jogoo wa chuma kwenye komeo lake, na jogoo mwenyewe amevunjika kishungi. Nilipiga pasi mashati mawili, nikairudisha. Yeye alikuwa zizini anakamua, nikaiweka dirishani kwake, nikaenda zangu. Jioni pasi haikuwepo. Aglaia akasema nimeiiba. Nikaapa. Akasema wezi wote huapa. Tulipoitwa kusuluhishwa, Toader alikaa kimya akatazama viatu vyake, na kabla masika hayajaisha akafariki. Aglaia naye alikufa miaka tisa iliyopita bila kunisalimu tena hata siku moja. Costache akarithi nyumba, ngozi na ugomvi. Akitaka kuniambia kitu, huuambia ua wa mbao uliopo kati yetu. "Mwambie huyo mwanamke kuku wake wamekula kabichi zangu." Na mimi nilimjibu kupitia huohuo ua. Kila mwaka dubu walipopita wakicheza, waliruka lango moja tu kijijini. Langu.

Sasa, siku ya Mtakatifu Ignat, tarehe ishirini Desemba, ambayo kwetu ni siku ya kuchinja nguruwe, Costache aliinama kumshika nguruwe wake miguu, mgongo ukafunga. Hakuweza kuinuka wala kulala. Nguruwe aliwatazama kidogo, akaona hakuna anayemjali, akaenda zake bustanini. Mwanawe Ilie, dereva wa lori la magogo, mtu wa kilo mia moja na kumi, akavaa Mzee Martin upesi akamkanyaga baba yake palepale. Alimkanyaga kwa mapenzi. Costache akatoa mlio ambao nguruwe ndiye alipaswa kuutoa, na baada ya hapo akawa amepinda kama jembe.

Zilibaki siku kumi, na Ilie hajui kucheza hata hatua moja. Leuștean asipocheza, Mzee Martin anavaliwa na mtu mwingine, na akishavaliwa na mtu mwingine harudi. Costache hana kitu kingine duniani ambacho watu humvulia kofia.

Kesho yake niliona kigari cha theluji kinakuja, kinavutwa na Ilie na wanaume wawili wa kikundi chao, na juu yake Costache amepigishwa magoti, paji la uso limegusa ubao, kofia ya manyoya kichwani. Wakasimama mbele ya mlango wangu.

"Mwingizeni ndani," Casandra akasema.

"Haingii," akasema Ilie, na uso umemwiva kwa aibu. "Baba anasema mguu wake hauvuki kizingiti cha mwizi wa pasi."

"Basi masaji atafanyiwa wapi?"

Kutoka chini, sauti ya Costache ikasema, "Kizingiti ni cha huyo mwanamke. Dirisha ni la chumba, na chumba umepanga wewe, binti. Nipitisheni dirishani."

Wakampitisha dirishani. Dakika saba dirisha wazi, na mlango wazi kwa sababu mimi nilisimama pale nikitazama na sikuwa tayari kukosa hata kidogo. Upepo ukapita. Costache, akiwa nusu ndani nusu nje, akapiga kelele, "Mwambieni huyo mwanamke afunge mlango!"

"Mwambieni," nikasema, "huu mlango ni wa mwizi, unafungwa kwa saa za mwizi."

Walipomweka juu ya meza, Casandra aliwatoa wote nje. Mimi nilibaki nyuma ya pazia la jikoni. Ni jikoni kwangu. Alinawa mikono kwa maji ya moto mpaka viwiko, akachukua fomu na kalamu, akaketi karibu na kichwa cha mgonjwa kana kwamba wana siku nzima.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Dubu."

"Na miezi mingine?"

"Najiandaa."

"Umewahi kuvunjika mfupa, kupasuliwa, una presha, kuna dawa unatumia?"

"Binti, unanikanda au unaniposa?"

"Nikijua ndipo nikukande bila kukuumiza. Kutoka moja hadi kumi, maumivu ni ngapi?"

"Kumi ni nini?"

"Ni maumivu ya kumfanya mtu alie."

"Mimi silii."

"Taja namba tu."

"Sifuri," akasema, na wakati huo alikuwa ameuma pazia la dirisha langu kwa meno.

Shati alivua. Kofia aliikatalia. Casandra akamweleza kwamba meza ina tundu la kuweka uso ili shingo ipumzike. Akaweka uso, kofia ikapita tunduni ikaanguka sakafuni, na Costache akabaki anaitazama kwa muda wote wa masaji kama mtu anayetazama kisima kilichomeza ng'ombe wake. Casandra akamfunika shuka, akapasha mafuta viganjani. Kisha akaweka mikono mgongoni akatulia, bila kufanya chochote.

"Umeanza?" Costache akauliza.

"Nimeanza."

"Mbona sisikii kitu?"

"Pumua. Toa pumzi polepole. Usinisaidie, baba. Acha mkono wako niubebe mimi."

"Mkono wangu naubeba mwenyewe tangu nizaliwe."

Hata hivyo, baada ya robo saa nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kutoka kwa mtu yeyote wa ukoo ule. Costache alinyamaza. Mikono ya Casandra ilikwenda taratibu kando ya uti wa mgongo, ikarudi, ikasimama begani. Ikaenda bega la pili, ikarudi la kwanza.

"Bega lako la kulia limeshuka vidole viwili kuliko la kushoto," akasema. "Misuli ya upande huu imekakamaa kuanzia shingo mpaka nyonga. Si jambo la jana. Kuna kitu unabeba upande wa kulia?"

"Jina la baba yangu."

"Ni zito?"

"Kuliko unavyodhani."

Walimtoa dirishani, na safari hii alikuwa ameinuka nusu. Niliona wazi. Alifika akitazama ubao, akaondoka akitazama magoti ya mwanawe. Siku ya tatu alirudi akatembea mwenyewe hadi chini ya dirisha, akainuliwa. Siku ya tano akapanda kwa kutumia ndoo. Lakini watu walipomuuliza dukani, alijibu, "Binti anapapasapapasa tu. Bado dubu hajanikanyaga sawasawa." Na kijiji kikasikia. Wateja wawili waliokuwa wameahidi kuja baada ya Krismasi wakatuma salamu kwamba wamepona wenyewe. Lenuța akapiga simu kuuliza saizi ya viatu vya Casandra, maana kule Bologna wanavaa vyeupe.

Tarehe ishirini na nane Costache akatoa sharti. Alisimama chini ya dirisha, mkono kiunoni, wenzake nyuma yake na ngoma.

"Binti, mikono yako ni mizuri, sikatai. Lakini haina dubu. Vaa Mzee Martin, unikande ukiwa ndani yake. Keshokutwa nacheza."

"Sivai," Casandra akasema. Hapo nilimpenda. Ile sauti yake ndogo haikupanda hata kidogo. "Mimi si dubu. Nina cheti."

"Basi nitaambia watu umeshindwa."

"Umekwisha kuwaambia."

Mpiga ngoma akapiga mara moja kwa bahati mbaya, akaomba radhi.

Casandra akawatazama, kisha akamtazama Costache bega lile la kulia, kwa muda mrefu. Akafungua dirisha lote. "Mlete Mzee Martin hapa mezani," akasema. "Nitamkanda yeye."

Mnaweza kucheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini wale wanaume hawakucheka. Walitazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima, kama watu ambao hatimaye wameambiwa jambo la maana. Wakampitisha dubu dirishani wakiwa wanne, kichwa kwanza, meno nje, vishada vyekundu masikioni. Costache akafuata kwa ndoo. Wakamlaza dubu kifudifudi, pua ndani ya tundu. Casandra akanawa mikono hadi viwiko. Akamfunika shuka. Akachukua fomu mpya.

"Jina?"

"Martin," Costache akajibu kwa niaba yake. "Mzee Martin."

"Umri?"

"Tangu alipozaliwa, au tangu babu alipompiga risasi?"

"Tangu risasi."

"Sabini na mbili."

"Maumivu, moja hadi kumi?"

Costache akaweka mkono juu ya kichwa cha dubu, katikati ya masikio. "Kumi," akasema polepole.

Casandra hakuinua macho kwenye fomu. "Anaumwa wapi?"

"Bega la kulia. Na huku chini, kiunoni. Asubuhi hawezi kuvaa soksi." Akanyoosha kishada cha sikio la dubu. "Usiku hapati usingizi."

"Tangu lini?"

"Zamani. Tangu ujana. Lakini hawezi kusema, maana yeye ni dubu."

Nyuma ya pazia nilikuwa nimeacha kucheka.

Casandra akaanza shingoni. Alimkanda yule mnyama kama alivyomkanda Costache, bila mzaha, kwa viganja na kisha kwa vidole gumba, akishuka kando ya mshono, na nje mpiga ngoma akamfuatisha taratibu kwa kuwa dubu hafanyiwi lolote bila ngoma. Alipofika bega la kulia akasimama. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Hapa pana fundo."

"Dubu wote wana fundo hapo," Costache akasema.

"La chuma?"

Wanaume wakasogea. Ndani ya bega, chini ya ngozi na bitana, kulikuwa na mfuko ulioshonwa kwa uzi wa viatu uliopakwa nta. Costache akaweka kiganja juu yake. "Ni nyuzi za baba. Alizishona mwenyewe, mwaka ule wa mwisho, akanikabidhi. Nyuzi za baba hazikatwi."

"Mteja asiporuhusu, sikati," Casandra akasema. "Lakini sharti la nne liko mlangoni. Wewe hujawahi kulisoma kwa sababu unapita dirishani. Linasema, ukiumia, sema."

Costache alikaa vile, mkono begani mwa dubu, mpaka ngoma nje ikaacha yenyewe.

"Kata," akasema.

Zikatoka nyasi kavu. Likatoka gazeti la zamani, limekunjwa mara nne. Kisha Casandra akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akavuta, na akaweka juu ya shuka jeupe pasi ya mkaa, nyeusi, nzito, yenye jogoo kwenye komeo, na jogoo amevunjika kishungi.

Nilitoka nyuma ya pazia. Kwa miaka arobaini na moja nilikuwa nimetayarisha maneno ya siku hii. Yalikuwa mengi na makali, mengine niliyafanyia mazoezi kwa kuku. Hakuna hata moja lililokuja. Nilisimama tu na aproni yangu, machozi yakinitoka kama mtoto, kwa hasira, kwa furaha, sijui. Toader! Mwanamume yule alikaa kimya akatazama viatu vyake, huku pasi ya mkewe ameishona ndani ya dubu.

Mmoja wa wanaume, mzee kuliko wenzake, akakuna kidevu. "Watembeza dubu walikuwa wameacha kuja," akasema. "Toader alilalamika kwamba dubu wa ngozi ni mwepesi, hakanyagi mtu akapona. Halafu mwaka ule akaja anatamba kwamba wake sasa ana uzito wa kweli. Tulidhani anamaanisha kiroho."

Costache alinitazama. Halafu akatazama viatu vyake, kama baba yake, vilevile. Akapinda, akachukua kofia, akatoka. Kwa dirisha! Na dubu wake nyuma. Pasi waliiacha mezani. Niliichukua nikaenda kuiosha, nikaipiga kwa brashi ya waya mpaka jogoo akang'aa, na nilimtukana Aglaia huku namlilia, maana na yeye alidanganywa, maskini, na alikufa bila kujua.

Tarehe thelathini Costache alicheza. Alisimama wima kama mlingoti, na Mzee Martin aliruka juu kuliko dubu wote, mwepesi kwa kilo tano. Watu walipiga makofi hadi viganja vikauma. "Dubu amepona!" walisema. "Ona Mzee Martin alivyo kijana!" Hakuna aliyemtaja Casandra. Walipofika langoni kwangu ngoma ikapungua kidogo, Costache akageuza kichwa cha dubu upande wangu, nikashika aproni. Kisha wakapita. Waliruka lango langu kama miaka yote.

Casandra alifunga mizigo siku ya Mwaka Mpya. Alikunja meza, akang'oa masharti mlangoni bila kuyachana, akanirudishia msumari wangu. Sikumzuia. Ningemzuia kwa kitu gani, kwa kuku na supu? Nilimwambia tu kwamba Italia asikubali kuinua mtu peke yake, naye akaniambia nisinywe vikombe vitatu vya kahawa kwa siku. Tulikuwa wajinga wawili tunaoagana.

Tarehe mbili basi lilisimama mbele ya lango, injini ikinguruma, vichwa vya wanawake vimejipanga madirishani. Mlango wangu ulikuwa wazi, sanduku la Casandra kizingitini, dirisha la chumba nalo wazi kwa sababu alikuwa akibadilisha hewa kwa mara ya mwisho. Alikuwa ananibusu shavu la pili nilipomwona Costache anaingia langoni. Nyuma yake walikuja wanaume kumi, kila mmoja amebeba ngozi ya dubu wake kwenye bega la kulia.

Hakwenda dirishani. Alikuja moja kwa moja hadi mlangoni, akasimama mbele ya kizingiti, akavua kofia.

"Binti," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma vya basi. "Nimeoga. Sijala kitu. Naumwa. Saba."

Casandra alikuwa ameshika mpini wa sanduku.

"Ilikuwa kumi," Costache akaendelea, na shingo yake ilikuwa nyekundu kama kishada cha dubu. "Uliyenitengeneza ni wewe. Si Martin. Hawa nao wana dubu wao, hakuna anayejua baba zao waliwashonea nini. Tumejipanga kwa umri."

Dereva akapiga honi. Casandra akalitazama basi, akawatazama wale dubu kumi na ndimi zao nyekundu, kisha akamtazama Costache begani. "Tandika meza, bibi Saveta," akaniambia. Akaliinua sanduku akalirudisha ndani, nami nikaikunjua meza.

Costache akatazama kizingiti kwa muda. Akainua mguu juu sana, kama anayevuka mto, akauweka ndani ya nyumba yangu. Akapita mbele ya pasi, iliyokuwa juu ya rafu chini ya msumari wa cheti, akaipa heshima kwa kichwa. Akavua shati, akalala kifudifudi, akaweka uso tunduni bila kuambiwa. Casandra alikuwa akinawa mikono. Nje dereva alipiga honi tena, ndefu, na hewa baridi ikapita chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni.

Kutoka chini ya meza, Costache akasema, "Mama mdogo, funga mlango. Upepo unapita."

Hakuuambia ua wa mbao. Aliniambia mimi. Nikaenda, nikafunga mlango, nikasimama pale na mkono kwenye kitasa mpaka basi lilipoondoka.